Tuulize kwanza sampuli ilifikaje maabara

KILA siku mezani kwangu huletwa vitu vinne: damu, mkojo, choo na, kwa nadra sana, shahawa. Damu huletwa kifua mbele. Mtu hunyoosha mkono huku akiendelea kubishana na mwenzake kuhusu bei ya mawese. Mkojo huletwa kwa haya kidogo, lakini huletwa. Hivyo viwili vya mwisho huja vimefichwa ndani ya kitenge au vimezungushiwa gazeti mara tatu, na aliyeleta huwa anatazama ukutani. Wengine huviacha dirishani na kuondoka bila kutaja jina, nami nabaki na kikopo nisichojua ni cha nani.

Najua gazeti hili husomwa pia wakati wa chai, kwa hiyo naomba radhi kwa mwenye kikombe mkononi. Lakini jambo hili tumelifunika kwa muda mrefu mno, na wanaolipia ni wake zetu na watoto wetu.

Nimefanya kazi ya maabara kwa zaidi ya miaka 25, kwanza katika kambi moja ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania, kisha huku nyumbani Burundi, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Katika muda wote huo nimejifunza jambo moja ambalo nataka kulitetea leo. Majibu mengi ya uongo yanayotoka maabara hayatokani na hadubini mbovu. Yanatokana na sampuli iliyoharibika kabla ya kufika mezani, na mara nyingi imeharibika kwa sababu ya aibu. Halafu kikaratasi chenye mhuri kikishatoka, tunakibeba kama hukumu ya mahakama. Kuna nyumba zimevunjika kwa vikaratasi hivyo. Moja niliivunja mimi, na nitaieleza hapa chini.

Nianze na choo, maana ndicho kinachowagusa wafanyabiashara wa mpakani karibu kila wiki. Mtu anavuka Mugina kwenda Manyovu, au Kobero kwenda Kabanga, au anapita Gatumba kwenda Uvira. Analala nyumba ya wageni, anakula palipo na moshi, anakunywa maji ya kwenye dumu ambalo hajui lilichotwa wapi. Siku ya pili tumbo linakata. Je, anakwenda maabara? La hasha. Anakwenda duka la dawa na kusema, "Nipe za amiba." Anapewa Flagyl. Anakunywa siku mbili, tumbo linatulia, zilizobaki anazifunga kwenye pindo la kitenge kwa ajili ya safari ijayo. Nimekutana na mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa na mkoba mzima wa vidonge vya namna hiyo, vya nchi tatu.

Mama huyo alikuwa anatoa choo chenye damu kwa miezi. Amepewa dawa ya amiba mara nne. Alipokubali hatimaye kuleta choo, nilikuta mayai yenye mwiba ubavuni, yaani kichocho cha tumbo. Anayefahamu fukwe zetu hawezi kushangaa, kwani wadudu wa ugonjwa huo hutoka kwenye konokono wa majini na kuingia kwa kupenya ngozi ya mtu anayefua, anayevua au anayelima mpunga. Dawa yake ni praziquantel. Flagyl unaweza kuimeza mpaka mwaka uishe na kichocho kikabaki palepale.

Sasa tazama kinachofanyika pale mezani, maana wengi wanadhani tunatia choo ndani ya mashine na mashine inasema. Kwa kweli nachukua kipande kidogo kwa ncha ya kijiti, nakikoroga ndani ya tone la maji ya chumvi juu ya kioo, na kingine ndani ya tone la iodini, nafunika, naangalia kwa macho haya mawili. Kwa kuhesabu mayai ya kichocho na minyoo tunatumia kibao chenye tundu linalobeba miligramu 41.7 za choo. Mayai utakayohesabu unazidisha mara 24, unapata idadi kwa gramu moja. Mjapani Kato ndiye aliyebuni njia hiyo mwaka 1954, na Mbrazili Katz akaiboresha mwaka 1972. Ni njia rahisi, ya bei ndogo, lakini ina haraka zake. Mayai ya safura huyeyuka machoni kwenye kioo hicho ndani ya nusu saa hadi saa moja. Nikienda kunywa chai nimeyapoteza.

Amiba ndiyo ina haraka kuliko wote. Ile inayoleta ugonjwa, ukiikuta hai, unaiona inatembea taratibu, tumboni mwake mkiwa na chembe nyekundu za damu ilizomeza. Hiyo ndiyo picha ya kuaminika. Lakini choo cha maji kikipoa, inasimama na kufa, kwa hiyo kinatakiwa kuangaliwa ndani ya nusu saa. Choo kilichochukuliwa alfajiri mpakani na kufika kwangu saa sita mchana juu ya pikipiki kimeshakuwa maiti. Fundi mwenye haraka ataandika "hakuna kilichoonekana", na mgonjwa ataambiwa hana kitu. Au ataona vifuko vya mviringo na kuandika "amiba", na mgonjwa atapewa dawa. Hapa pia pana tatizo. Yupo mdudu pacha anayeitwa Entamoeba dispar ambaye vifuko vyake kwa hadubini havitofautiki na vya yule mkali, naye hana madhara yoyote. Wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1997 walisema wazi kwamba mtu asiye na dalili asipewe dawa kwa sababu tu vifuko hivyo vimeonekana. Hata hivyo, hapa kwetu kila mtu "ana amiba", kama vile ni ukoo.

Kuhusu homa ya matumbo sitasema mengi. Kile kipimo cha damu cha haraka kilichotokana na kazi ya Mfaransa Widal mwaka 1896 hakiwezi kutofautisha ugonjwa wa leo na ule wa miaka iliyopita. Ukweli hupatikana kwa kuotesha vijidudu, kutoka kwenye damu mwanzoni na kutoka kwenye choo baadaye. Wanaouziwa vidonge kila mwezi kwa ajili ya "taifodi sugu" wafikirie hilo.

Mtu ataniuliza, kwa nini ninyi wa maabara mnang'ang'ania choo kiasi hicho? Jibu ni kwamba choo hakisimami mpakani kugongewa muhuri wa pasi. Mei 2015, maelfu ya ndugu zetu walipokimbilia kijiji cha Kagunga, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, waliharisha na kufa huku wakisubiri meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma. Sampuli za choo ndizo zilizothibitisha kwamba ni kipindupindu. Katika wiki chache wagonjwa walifika karibu 3,000, na waliokufa walikuwa zaidi ya 30. Kabla ya maabara kusema, kila mtu alikuwa na maelezo yake: maji ya ziwa, uchovu, hata sumu. Maabara iliposema, chumvi na sukari za kunywa, klorini na mahema ya wagonjwa vikaenda mahali panapotakiwa.

Tena tarehe 17 Machi 2023 serikali yetu ilitangaza mlipuko wa polio, baada ya zaidi ya miaka 30 bila ugonjwa huo nchini. Ulionekana kwa mtoto wa miaka 4 wa wilaya ya afya ya Isale ambaye hakuwa amechanjwa, kwa watoto wengine wawili waliokuwa karibu naye, na katika maji machafu. Namna ya kuitambua polio ni choo. Mtoto akilegea mguu ghafla, huchukuliwa choo mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 angalau, ndani ya siku 14 tangu alegee, na hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 mpaka maabara. Mama anayeona aibu kuleta kikopo cha pili anaifungia nchi nzima macho.

Kwa hiyo nasema hivi kwa wanaovuka. Ombeni kikopo kituoni, kikavu, chenye mdomo mpana na kifuniko. Msitumie kopo la Blue Band wala chupa ya dawa ya kikohozi, maana mabaki yake huua tunachokitafuta. Choo kisichanganyike na mkojo na kisikwanguliwe ardhini, kwani udongo una viumbe vyake ambavyo vitatuchanganya. Kiasi cha ncha ya kidole gumba kinatosha, na kama pana damu au makamasi, hapo ndipo pa kuchota. Andika jina na saa. Na kama tayari umekunywa vidonge, sema. Hatukufokei. Ikiwezekana, njoo ujisaidie kituoni kwetu, choo kipo, ingawa naijua hali ya vyoo vya vituo vyetu na sitawalaumu mtakaosita.

Sasa niingie kwenye ile sampuli ya pili, ambayo wanaume wenzangu hawataki hata kusikia jina lake.

Aibu hii si ya kwetu peke yetu, wala si ya leo. Mtu wa kwanza kuziona mbegu za kiume na kuzieleza kwa maandishi hakuwa daktari, alikuwa mfanyabiashara kama ninyi. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi. Wauza vitambaa wa wakati ule walitumia vioo vya kukuza kukagua nyuzi, naye akatengeneza vioo vyake vyenye nguvu kuliko vya wengine wote. Mwaka 1677 aliandikia chama cha wanasayansi cha London kwamba ameona ndani ya shahawa vijidudu vingi vyenye mikia. Alikuwa na haya mpaka akaeleza kwamba sampuli ilitokana na tendo halali la ndoa, na akaomba barua isichapishwe iwapo wasomi wataona inachukiza. Miaka minne baadaye, mwaka 1681, tumbo lilimsumbua, akaangalia choo chake mwenyewe, akaona wadudu ambao leo tunaamini ni giadia. Zote mbili, shahawa na choo, zilianza kwa mtu mmoja, na zote alizitoa mwilini mwake. Hakumtuma mkewe.

Sisi tunamtuma mke. Ndoa ikikaa mwaka, miwili bila mtoto, mama mkwe anaanza kukohoa mlangoni. Mwanamke anapelekwa kwa mganga, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya mkoa, anapigwa picha ya mirija ambayo kila aliyepigwa atakuambia inavyouma, anarudi, anapewa dawa za kienyeji za Fizi, anavushwa mpaka Kigoma. Mwanaume yuko kwenye benchi nje, ameshika mwavuli. Ukimuuliza kama amepima anasema, "Mimi sina tatizo, daktari." Amejuaje? Nguvu za kiume na mbegu za kiume ni vitu viwili tofauti. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto mwanaume naye ana sehemu yake, na kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyote. Hakina sindano, hakina kisu. Ni kikopo tu.

Lakini hata anapokubali, ndipo aibu inapoharibu mambo. Na hapa nafika kwenye kosa langu.

Mwaka 1999 nilikuwa kijana kambini, nimepewa mafunzo ya miezi michache na hadubini moja ya kutumia kioo cha jua. Asubuhi moja, watu wa malaria wamepanga foleni hadi barabarani, alikuja mwanaume mmoja wa kama miaka 30. Alingoja watu wapungue. Kisha akatoa mfukoni gazeti, ndani yake kitambaa, ndani yake kondomu iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ameipata alfajiri kwenye blindé yake, akapita kwenye foleni ya mgao wa unga, akafika kwangu saa tano. Nilimwuliza kwa nini hakuja kuchukua kikopo. Akasema, "Ningeanzaje kukuomba, daktari, pale mbele ya wanawake?"

Niliangalia. Mbegu zilikuwepo, nyingi, na hakuna hata moja iliyotikisika. Nikaandika: "Mbegu hazina uhai." Nikagonga mhuri. Akakikunja kikaratasi, akakiweka pamoja na kadi yake ya mgao.

Mafuta yaliyomo ndani ya kondomu za kawaida huua mbegu. Shahawa hutakiwa kuangaliwa ndani ya saa moja tangu itoke, na vizuri zaidi ikiwa nusu saa. Na mbegu isiyotembea si lazima iwe imekufa. Kuna rangi ambayo hupenya mbegu zilizokufa tu, hai haziguswi, na bila kuitumia huna ruhusa ya kuandika neno "uhai". Rangi hiyo sikuwa nayo. Lakini kuhusu kondomu na kuhusu saa, nilikuwa nimefundishwa. Niliyajua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Foleni ilikuwa ndefu, nikachukua njia fupi.

Mwaka 2003 mke wake alishika mimba. Yule bwana hakuhitaji ushahidi mwingine: alikuwa na kikaratasi. Alikifunua mbele ya wazee wa mtaa wao kambini, wengi wao hawajui kusoma, lakini mhuri waliuona. Mwanamke aliondoka kwenye ile blindé na bahasha ya nguo. Alizaa mtoto wa kike. Mwaka uliofuata walirudi Burundi, kila mmoja kwa lori lake.

Nilikuja kumwona tena yule mama mwaka 2009, katika soko moja la mkoa wa Makamba, akiuza mawese, binti yake akimsaidia kushika faneli. Mimi sikumtambua, yeye alinitambua. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Daktari, ni wewe uliyeandika?" Nikasema ni mimi. Akanipimia mawese niliyokuja kununua, akachukua hela yake, akahudumia mwingine.

Nilimtafuta mume. Nilimkuta kwenye shamba la baba yake, ana mke mwingine na watoto wawili. Nikamwambia: ndugu yangu, kipimo kile kilikuwa kibovu, tazama, hawa watoto wawili umewapataje? Akanijibu bila kusita kwamba aliponywa na mganga mmoja ng'ambo ya ziwa, baada ya kurudi nyumbani. Kikaratasi changu kilikuwa kweli na dawa ya mganga ilikuwa kweli; aliyekuwa mwongo ni mkewe peke yake. Mwaka mzima nilimwendea. Mwishoni alikubali kupima tena, katika mji mwingine, mahali asipojulikana. Majibu yalikuwa mazuri kabisa. Akasema unaona, dawa imeshika.

Niwe mkweli kwa msomaji: hata majibu hayo mazuri hayathibitishi kwamba yule binti ni wake. Kipimo cha shahawa kinasema mwanaume anaweza, hakisemi alizaa nani. Lakini hakukuwa na sababu yoyote duniani ya kumfukuza yule mama isipokuwa mstari mmoja wa maneno yangu.

Nimeeleza haya ili mwanaume atakayekwenda kupima ajue haki zake na wajibu wake. Kaa siku 2 hadi 7 bila tendo. Pungufu idadi inashuka, zaidi mbegu zinachoka. Chukua kikopo cha maabara. Sampuli itolewe palepale kituoni ikiwezekana. Kama unaishi karibu na umeitolea nyumbani, ibebe ndani ya shati, karibu na mwili, ifike kabla ya saa kwisha. Ikimwagika, hasa mwanzo wake, sema, kwa sababu mbegu nyingi ziko kwenye matone ya kwanza. Fundi ataiacha kidogo mpaka iwe nyepesi, kwa kawaida dakika 15 hadi 30, ndipo apime wingi wake, idadi ya mbegu, zinavyotembea na maumbo yake. Ukimwona anakuandikia majibu kabla hujafunga vifungo, shaka nayo.

Na majibu yakiwa chini, usikimbilie kulia wala kufukuza mtu. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021, toleo la sita, kinataja viwango: mililita 1.4 za shahawa, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, 42 katika kila 100 zikitikisika, na 4 tu katika 100 zikiwa na umbo kamili. Ndiyo, nne, nyingine 96 zinaweza kuwa na vichwa vya ajabu na bwana akawa mzima kabisa. Tena viwango hivyo vilitokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na katika kila 100 wa hao, 5 walikuwa chini ya kiwango. Walikuwa chini, na wakazaa. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo malaria kali ya Januari inaweza kuonekana kwenye kikopo cha Machi. Ndiyo sababu kipimo kimoja hakitoshi. Apime mara mbili angalau, kwa nafasi.

Watu wataniambia wanaume wetu hawataleta, mila hairuhusu. Sikubali. Mwaka 2015 Liberia ilianzisha huduma ya kupima shahawa za wanaume walionusurika Ebola, kwa sababu ilishagundulika kwamba virusi hubaki humo muda mrefu baada ya damu kuwa safi. Mwaka 2016 nchini Guinea aliyenusurika alionekana kuambukiza kwa njia hiyo siku kama 470 tangu augue. Wanaume wa Liberia nao wana mila, wana mama wakwe. Walikuja, wakarudi tena na tena mpaka majibu yakawa safi, kwa sababu waliandaliwa faragha, mshauri wa kuzungumza nao, na mtu wa kuwaeleza kwa nini. Si kwamba walikuwa na ujasiri kuliko sisi.

Hapo ndipo lawama inaporudi kwetu sisi wa vituo. Tunamwambia mwanaume alete shahawa, halafu tunamwonyesha choo cha shimo kisicho na mlango. Tunaita majina kwa sauti dirishani: "Nani kaleta choo?" na soko zima linageuka. Kwa mtazamo wangu, kila kituo chenye hadubini kiwe na chumba kimoja kidogo chenye kitasa, na kila sampuli iwe na namba, jina libaki daftarini. Hapa nilipo chumba hicho tulikipata kwa kuhamisha magunia ya chokaa. Kitasa nilinunua mwenyewe sokoni. Kila kikaratasi cha majibu kiandikwe saa sampuli ilipotoka na saa ilipoangaliwa, na kilichomo ndani ya chombo gani. Na fundi awe na haki ya kukataa sampuli mbovu bila kufokewa na mkubwa wake. Ningekuwa na ujasiri wa kusema "rudi kesho na kikopo hiki" mwaka 1999, nisingekuwa naandika makala haya.

Washingantahe nao, na maofisa wa mitaa wanaopelekewa kesi za ndoa na mashamba, hasa za sisi tuliorudi, nawaomba wasipokee karatasi ya maabara kama ushahidi wa uzinzi au utasa bila kumwita mtu wa maabara aeleze. Ninazo kesi tatu ambazo nimeitwa, na zote tatu karatasi ilikuwa ya mwanamke. Ya mwanaume haikuwepo kwa sababu hakupima.

Yule binti wa sokoni sasa ni mtu mzima, na mama yake anadai kipande cha kujengea kwenye shamba la yule bwana kwa ajili yake. Kesi iko kwa wazee wa kilima chao. Bwana amepeleka kile kikaratasi cha 1999, kimekuwa cha manjano lakini mhuri unasomeka. Nami nimepeleka barua ya kurasa mbili, nimeeleza habari za kondomu, gazeti, foleni ya unga na saa tano, na kwamba kipimo kile hakikufaa kuandikwa. Wameniambia imewekwa kwenye jalada, nyuma ya kikaratasi.